SAMAKI WA KUKAANGA, WALI NA TUI LA PILIPILI

Muhula uliopita sisi wanafunzi sita tulipewa kazi ya kuwapikia wageni kumi na wawili chakula cha mchana. Tulinunua changu wazuri, tena kwa fedha nyingi, maana samaki siku hizi si kitu cha mchezo. Mchele ulikuwa safi, nazi zilikuwa zimekomaa, na mkaa ulikuwa mkavu. Hata hivyo chakula kilipofika mezani kilitutia aibu. Ngozi ya samaki ilibaki kikaangoni, nyama ilimeguka vipande vipande, tui lilikatika likawa maji chini na mafuta juu, na wali ulishikana kama ugali. Wageni waliokaa mwanzo wa meza walipata nyama. Waliokaa mwisho walipata miiba na mchuzi.

Mwalimu wetu hakutugombeza. Alikitazama kile kikaango, kisha akauliza neno moja tu: "Mlifanya nini na maji?" Tukamjibu kwamba hatukutia maji katika samaki hata tone moja. Akacheka, akasema, "Basi hapo ndipo mlipokosea. Maji yalikuwamo tangu mwanzo, nanyi hamkuyatoa."

Tangu siku hiyo tumekipika chakula hiki mara nyingi, na sasa naona yafaa niwaeleze wasomaji wa gazeti letu yale tuliyojifunza. Siri yake ni fupi. Samaki hutaka kuondolewa maji. Wali hutaka maji kwa kipimo. Na tui hutaka maji na mafuta yakae pamoja bila kugombana. Mwenye kuyashika hayo matatu hana haja ya jiko la fahari wala vyombo vya ghali.

CHAKULA CHENYEWE

Chakula chenyewe ni wali wa nazi bakulini, juu yake kipande cha samaki kilichokaangwa mpaka ngozi yake inavunjika mdomoni kama ukoko, na kando yake tui zito lenye pilipili na ndimu. Kwa watu wa pwani hakuna jambo geni hapo, kwani wali, samaki na nazi ni ndugu wa siku nyingi. Lakini si wao peke yao walioona kwamba vitu vya namna hii hupatana. Huko Japani watu wana desturi ya kutia wali bakulini na kuweka kitoweo juu yake, na chakula hicho hukiita donburi. Siku hizi, huko na hata Marekani, wengi hutumia samaki aitwaye salmoni, samaki wa maji ya baridi mwenye mafuta mengi, nao humtilia mayonesi iliyochanganywa na pilipili. Mayonesi ni mafuta yaliyopigwa pamoja na kiini cha yai na siki au ndimu mpaka yakawa mazito.

Sisi hatuna haja ya kumtafuta salmoni wala kupiga mayonesi. Tunao changu, nguru na kolekole baharini. Tunaye sangara katika Ziwa Victoria. Na nazi yetu hufanya kazi ileile ya mayonesi, kama nitakavyoeleza mbele.

Kwa watu sita tafuta vitu hivi: vipande 6 vya samaki vyenye ngozi, kila kimoja kadiri ya gramu 150, mchele vikombe 3, nazi kubwa 2, kitunguu maji 1, kitunguu saumu punje 4, tangawizi kipande kama kidole gumba, pilipili mbichi 2 au 3, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, ndimu 2, unga wa mchele vijiko vikubwa 4, chumvi, na mafuta ya kufikia kina cha sentimita 1 katika kikaango. Matango na karoti za kachumbari si lazima, lakini huburudisha mdomo.

Unaponunua samaki, mtazame kabla hujauliza bei. Macho yawe maangavu, matamvua yawe mekundu, na nyama ukiibonyeza kwa kidole irudi mahali pake. Harufu iwe ya bahari au ya ziwa, isiwe ya kukera.

KWA NINI SAMAKI HUNATA

Katika kila gramu 100 za samaki asiye na mafuta mengi, gramu 75 hadi 80 ni maji. Sasa fikiri: maji yanayochemka katika chombo kilicho wazi hayapati joto la kupita digrii 100 za Sentigredi, na katika nchi za milimani huchemka hata kabla ya kufika hapo. Lakini mafuta ya kukaangia hufika digrii 180. Samaki aliyelowa akitiwa katika mafuta hayo, joto huanza kufanya kazi ya kuyageuza maji kuwa mvuke. Wanafunzi wa Fizikia wanajua kwamba kazi hiyo si ndogo. Kuigeuza gramu moja ya maji yanayochemka iwe mvuke hutaka joto zaidi ya mara 5 ya lile lililotumika kuitoa digrii 0 mpaka digrii 100. Kwa hiyo mafuta hupoa, na ngozi badala ya kukaangwa huchemshwa. Ngozi iliyochemshwa ni laini na ina utando kama gundi. Hukishika kikaango, nawe ukimgeuza samaki nyama hukufuata, ngozi hubaki.

Kuna jambo la pili. Mwaka 1912 mtaalamu wa Kemia wa Kifaransa, Louis Camille Maillard, alieleza jinsi sukari na asidi za amino, yaani vile vitu vinavyojenga protini, zinavyoungana zikipata joto na kufanya rangi ya kahawia. Ndiyo rangi ya mkate uliookwa, ya nyama choma na ya ukoko wa wali, na pamoja nayo huja harufu ile inayowaita watu jikoni. Kazi hiyo huenda upesi joto likipita kadiri ya digrii 140. Maadamu ngozi ina maji, haiwezi kufika huko. Ndiyo sababu samaki aliyechemshwa hawi na rangi wala harufu ya samaki aliyekaangwa, hata ukimwacha motoni siku nzima.

Basi fanya hivi. Paa samaki magamba, mwoshe, umkate. Vipande vipake chumvi pande zote mbili, uviache dakika 20 mahali pa baridi. Chumvi huyavuta maji ya nje ya nyama, nawe utaona matone yametokea juu ya ngozi. Hapa wengi hukosea, nasi tulikosea: huviosha tena vile vipande, wakayarudisha maji waliyokwisha kuyatoa. Usivioshe. Vipanguse kwa kitambaa safi kikavu, ukikaza mkono upande wa ngozi, mpaka kitambaa kisilowe tena. Ukimaliza, kifue kile kitambaa vizuri kwa sabuni na maji ya moto kabla hakijatumika kwa kazi nyingine. Kisha nyunyizia samaki unga wa mchele, vijiko 3 kwa vipande vyote, ukung'ute uliozidi. Unga huo huyanywa maji yaliyosalia juu ya ngozi, na kwa kuwa hauna gluteni kama ngano, ganda lake huwa jembamba na kavu.

Mweke samaki wako kando, kwani usimkaange bado. Kwanza pika tui, kisha wali, samaki awe wa mwisho. Tui laweza kusubiri, wali waweza kusubiri kidogo, lakini ngozi iliyokauka haimsubiri mtu.

TUI LISIKATIKE

Kuna nazi zote mbili. Zikamue kwanza kwa kikombe kimoja na nusu cha maji ya vuguvugu, uchuje. Utapata kadiri ya vikombe 2 vya tui zito. Kisha tia vikombe vingine 4 na nusu vya maji katika machicha, ukamue tena upate tui jepesi. Matui haya mawili usiyachanganye.

Tui si maji wala si mafuta. Ni matone madogo sana ya mafuta yaliyotawanyika katika maji, na protini za nazi huyazunguka matone hayo zikayazuia yasikutane. Hapo tui na mayonesi ni ndugu, ila katika mayonesi kazi ya kuzuia hufanywa na kiini cha yai. Moto mkali ukizipata protini za nazi, nguvu yake huharibika. Matone hukutana, huwa makubwa, na mafuta hupanda juu. Ndipo tusemapo kwamba tui limekatika. Ukali wa ndimu nao huharibu vivyo hivyo, hasa tui likiwa motoni.

Twanga kitunguu saumu, tangawizi na pilipili pamoja. Katakata kitunguu maji, ukikaange kwa kijiko kimoja cha mafuta mpaka kilainike, kisha tia vile vilivyotwangwa pamoja na bizari, ukoroge kwa dakika 2. Tia nusu kikombe cha tui jepesi, uache lichemke na kupungua. Hapo punguza moto. Tia kikombe kimoja na nusu cha tui zito, na kijiko kimoja cha unga wa mchele uliokorogwa kwa maji kidogo ya baridi. Unga huu huyafanya maji kuwa mazito, matone ya mafuta yasipate kutembea upesi na kukutana. Koroga pole pole bila kuacha, na usikubali lichemke kwa nguvu. Likianza kuukamata mwiko na kuuvika kama koti, ipua. Likiacha kutokota, tia chumvi na maji ya ndimu moja.

Kwa nini pilipili ikaangwe kwanza katika mafuta? Kwa sababu kile kitu kinachowasha, kiitwacho kapsaisini, huyeyuka katika mafuta lakini hakiyeyuki vema katika maji. Ikikaangwa, ukali wake huingia katika mafuta na kuenea sawasawa, mtu asipate kijiko kimoja kitamu na cha pili cha moto. Kwa sababu hiyohiyo anayewashwa akinywa maji hapati nafuu. Ampe ulimi wake maziwa au tui. Mwaka huohuo wa 1912 Mmarekani mmoja mtaalamu wa dawa, Wilbur Scoville, alitengeneza kipimo cha ukali wa pilipili ambacho hata leo kina jina lake. Sisi kipimo chetu ni wageni: wakiwapo watoto wadogo, toa mbegu na ule utando mweupe unaozishika, maana ukali mwingi umo katika utando huo.

WALI WA KUCHAMBUKA

Punje ya mchele karibu yote ni wanga. Punje zinaposuguana ghalani na safarini, unga wa wanga hubaki juu yake, na unga huo ukiingia katika maji ya moto huwa gundi. Kwa hiyo osha mchele mara tatu au nne, mpaka maji ya kuoshea yakaribie kuwa maangavu.

Chemsha vikombe 4 vya tui jepesi pamoja na chumvi, tia mchele, ukoroge mara moja tu, ufunike. Maji yakikaribia kukauka, mwagia juu yake nusu kikombe cha tui zito lililobaki, punguza moto uwe mdogo sana, na uweke makaa machache juu ya kifuniko, kama mama zetu wafanyavyo wanapopalia. Baada ya dakika 15 ipua, uuache wali dakika 10 bila kuufunua. Katika dakika hizo mvuke ulio chini huenea mpaka juu, na punje zote hulainika sawa. Kisha funua, uuchambue kwa uma, mvuke utoke. Vipimo hivi si sheria ya daima: mchele mpya hutaka maji machache, na mchele wa zamani hutaka mengi zaidi. Mpishi mwenye akili hukumbuka gunia alilopikia jana.

Wajapani hupenda wali unaoshikana kidogo, kwa sababu wanaula kwa vijiti. Mchele wao ni wa namna nyingine, una punje fupi na wanga unaonata. Usione ajabu, basi, mchele wetu usipofanya hivyo.

SASA KAANGA

Tia mafuta katika kikaango kikavu, uyapashe moto barabara. Kujua kama yako tayari, tumbukiza ncha ya mwiko wa mti ulio mkavu. Mapovu madogo yakiuzunguka papo hapo, mafuta yamefaa. Yakianza kutoa moshi yamepita kiasi, nawe ondoa kikaango motoni kidogo.

Laza vipande viwili au vitatu tu, ngozi ikiwa chini, ukivilaza kwa kuelekea mbali nawe usije ukarukiwa. Usivijaze vyote sita kwa pamoja, maana mafuta yatapoa na hadithi yetu ya kwanza itarudi. Kandamiza kila kipande kwa mwiko kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, kwa sababu ngozi ikipata moto hujikunja. Kisha viache. Hapa ndipo ilipo taabu ya vijana: kila mtu hutaka kuchungulia. Mwanzoni samaki hushika kikaango, lakini ngozi ikikauka na kupata rangi hujiachia yenyewe. Ukisukuma kidogo kwa mwiko akakataa, hajawa tayari. Mpe dakika moja zaidi. Haraka haraka haina baraka.

Kwa kipande chenye unene wa sentimita 2, dakika 4 au 5 upande wa ngozi hutosha, na dakika 2 au 3 upande wa pili. Geuza mara moja tu. Nyama ikiwa imeacha kung'aa mpaka ndani na inaachana mafungu kwa mafungu, imeiva. Weka samaki juu ya waya wa kuchujia, ngozi ikitazama juu. Usimfunike wala usimpange mmoja juu ya mwingine. Ukimfunika, mvuke wake mwenyewe utailainisha ngozi, na kazi yako yote imekwenda bure.

Pakua wali bakulini, mwaga tui upande mmoja wa wali, weka samaki upande wa pili ngozi ikiwa juu, na kachumbari kando. Tui lisimwagwe juu ya ngozi kamwe. Anayetaka kuchovya, achovye mwenyewe.

MAONYO MATATU

La kwanza ni la samaki. Jamii ya jodari, vibua na nguru, wakikaa juani au katika joto baada ya kuvuliwa, bakteria hutengeneza ndani ya nyama yao kitu kiitwacho histamini. Aliyekila huona uso umewaka, kichwa chauma, ngozi yawasha. Moto hauwezi kukiondoa kitu hicho, wala ndimu, wala pilipili. Samaki wa namna hiyo na akae katika barafu tangu anaponunuliwa, na mwenye shaka naye amtupe.

La pili ni la wali. Mchele huwa na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambazo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa na joto lake la vuguvugu muda mrefu, mbegu hizo huota, na bakteria hutoa sumu ya kutapisha ambayo haiharibiki ukiupasha moto tena. Uliobaki usikae mezani zaidi ya muda wa saa mbili. Utandazwe katika sinia upoe upesi, kisha utiwe katika friji. Mahali pasipo na friji, pika kadiri ya walaji.

La tatu ni la mafuta. Yakishika moto, usimwage maji. Maji yakigusa mafuta hayo hugeuka mvuke na kujitanua zaidi ya mara 1,500, yakarusha moto mpaka darini. Funika kikaango kwa kifuniko cha bati, zima jiko ikiwezekana, usikibebe kikaango, na usifunue mpaka kimepoa.

MWISHO

Wako wavulana watakaosoma habari hizi wakasema kwamba jiko si lao. Hao na wakumbuke kwamba baada ya Kidato cha Nne au cha Sita wengi wetu tutakaa peke yetu katika chumba cha kupanga, na hapo hakuna mama wala dada wa kutupakulia. Nao wazazi watakaoona mtoto amechukua kitambaa na kumpangusa samaki kwa bidii, wasidhani anacheza. Yuko katika somo la Fizikia.

Wiki chache baada ya aibu yetu tuliomba ruhusa ya kupika tena. Samaki walikuwa wa namna ileile, kikaango kilikuwa kilekile, na fedha hazikuongezwa. Tulipanga mabakuli kumi na mawili, kila moja na kipande chake kizima, na ngozi juu yake kavu. Mwalimu akaenda kukaa mwisho wa meza, akala, akasema bakuli lake lilikuwa sawa na la aliyekaa mwanzo.